Mdakaji wa Jumatano

Tavaris Pettaway alicheza mpira wa kulipwa miaka saba. Ukimwambia hivyo mgeni, atataka kupiga naye picha. Ukimwambia mtu wa Cotter's Bend, Alabama, atakuuliza swali moja tu, tena ameshaanza kucheka: amedaka mingapi?

Ni swali la haki. Tavaris alikuwa mdakaji. Katika mpira wa Kimarekani kuna watu kumi na mmoja kila upande, na wengi wao kazi yao ni kusukumana kifua kwa kifua mpaka jasho liwaishe. Mdakaji hasukumani na mtu. Yeye husimama peke yake kule pembeni, mchezo ukianza hutimka mbio, mrushaji humtupia mpira, naye akiudaka uwanja mzima hupiga kelele. Ndiyo kazi yenye maringo kuliko zote pale uwanjani, na Tavaris alizaliwa na maringo ya kuwatosha wadakaji watatu. Sekondari alidaka mpaka magazeti ya Montgomery yakamwandika. Chuoni alidaka. Matatizo yalianza walipoanza kumlipa.

Kwenye uwanja wa shule ya Cotter's Bend kuna ukuta. Kila kijana wa mji aliyefika ligi kubwa ameandikwa pale kwa rangi ya buluu: jina lake, na chini ya jina, yadi alizousogeza mpira katika maisha yake yote ya ligi. Wako wanne tu. Ijumaa za vuli, mji wote ukienda kutazama mechi ya shule, lazima upite mbele ya ukuta ule, na mama za wale wanne hawapiti hivihivi. Husimama pale, wakajifanya wanatafuta funguo kwenye mkoba. Bi Earlene Pettaway, mama yake Tavaris, mpishi wa jikoni pale pale shuleni, aliwatazama akina mama hao wakitafuta funguo miaka kumi na tisa. Alikuwa mcha Mungu, lakini kuna mambo hata mcha Mungu humchosha.

Kwa hiyo mwanawe alipomaliza chuo, na ligi ikaketi kuchagua vijana wapya, Bi Earlene alialika mji. Uchaguzi ule huonyeshwa kwenye televisheni siku tatu, jina baada ya jina, na kwa siku tatu watu walikula kwake kambare wa kukaanga, mbavu za nguruwe, makaroni ya jibini na keki mpaka mbwa wa jirani nao wakachoka. Yalisomwa majina zaidi ya mia mbili na hamsini. Kulikuwa na Pettway mmoja wa Georgia, bila ile herufi a ya katikati, na kwa nukta moja nyumba nzima iliruka juu kisha ikakaa chini.

"Labda wanabakiza walio bora," alisema Odell.

Huyu Odell Mayhew ndiye kinyozi wa mji, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukuta. Ulimi wake ni mkali kuliko wembe wake, jambo ambalo wateja wake wanaweza kulithibitisha kwa yote mawili. Alikuwa amekula sahani nne.

Nusu saa baada ya jina la mwisho simu ililia. Timu moja ya kaskazini ilimwita Tavaris aje kambini kujaribiwa, kama wanavyoitwa wengi waliokosa kuchaguliwa. Kuitwa kujaribiwa si kuajiriwa, kila mtu anajua, lakini kambare alikuwa ameshaliwa na mji ulihitaji sababu. Jumatatu yake Odell alipanda ngazi mwenyewe akaandika PETTAWAY ukutani, akaacha nafasi chini kwa ajili ya yadi. Walikata mbeleko mwana hajazaliwa. Bi Earlene alipita pale Ijumaa, akapoteza funguo kwa dakika ishirini.

Mwezi wa nane, kwenye kambi zote za ligi, kuna mtu mmoja anayetembea asubuhi na mapema akigonga milango. Si mtu mbaya, ana mke na watoto kama watu, lakini wachezaji humwita Mtoa Roho. Huwa na sentensi moja tu. Alipogonga mlango wa Tavaris alikuta mwenyewe anapiga mswaki.

"Kocha anakuita. Njoo na tableti yako."

Tableti ndimo wanamowekewa michoro ya michezo yote ya timu. Ukiambiwa uje nayo, ujue hutarudi nayo. Ilipofika Jumatano Odell alikuwa juu ya ngazi tena, safari hii na ndoo ya chokaa. Akatunga na kanuni papo hapo, ili aibu hiyo isirudie: hakuna jina litakalopanda ukutani mpaka mwenye jina awe ameugusa mpira kwenye mechi ya kweli ya ligi, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu za ligi. Kamati ikapitisha. Chokaa ilikuwa ya bei rahisi, na kila mvua ikinyesha jina lilitokea kwa chini, hafifu, mpaka likauke. Watu wakapata msemo: mvua ikinyesha, Pettaway yuko kwenye ligi.

Na kweli alikuwepo, kwa namna yake. Timu iliyomfukuza ilimrudisha baada ya siku mbili kwenye kikosi cha mazoezi. Hapo ndipo maisha yake yalipoanza na ndipo yalipokwama. Mtu wa kikosi cha mazoezi huvaa, hukimbia, huumia na hulipwa, ila siku ya mechi husimama kando na koti. Kazi yake ni kuigiza adui. Wiki hii mnacheza na timu yenye mdakaji hatari, basi Jumatano unavalishwa kizibao chenye nambari ya huyo mdakaji, unajifanya ndiye yeye, ili walinzi wenu wamzoee. Wiki ijayo unakuwa mtu mwingine. Tavaris aliigiza mabingwa wote wa zama zake, na wenyewe walioona wanasema aliwaigiza vizuri kuliko walivyokuwa. Sidhani kuna binadamu aliyewahi kudaka mipira mingi siku ya Jumatano kuliko Tavaris Pettaway. Ligi huandika ya Jumapili.

Alipita timu nne kwa mtindo huo, na Bi Earlene alinunua jezi kila mara. Alikuwa nayo ya themanini na tatu, ya kumi na saba, ya themanini na tisa, na ya kumi na nne. Kanisani walimuuliza kama ana watoto wanne.

Sasa usije ukadhani alionewa. Nafasi zilikuwepo. Mdakaji wa tano au wa sita wa timu huingia mechini kwa mlango wa uani: mpira unapopigwa teke kuanza mchezo, kuna kikosi cha watu wa kukimbia kichwa mbele na kumwangusha aliyeudaka. Ni kazi chafu, haina kamera, na ndiyo iliyowapa wengi riziki. Katika mwaka wa tatu kocha wa kikosi hicho, mtu mnene wa Nebraska, alimwita pembeni.

"Wewe una mbio, Pettaway. Jumapili nakuhitaji ukashuke na mateke."

"Kocha, mimi ni mdakaji."

"Na mimi nilikuwa mwembamba. Utashuka au hushuki?"

Alishuka, mazoezini, mara mbili, kwa mwendo wa mtu anayevuka barabara akiwa na viatu vipya. Jumapili nafasi ikaenda kwa mwingine, kijana wa Idaho mwenye mikono ya mbao, ambaye hakuweza kudaka hata mafua. Kijana yule alicheza miaka tisa.

Kila Februari Tavaris alirudi nyumbani, na kila aliporudi ilimbidi anyolewe, na kinyozi ni mmoja.

"Karibu, bwana mkubwa," Odell alikuwa akisema, akimfunga shuka shingoni mtu asiweze kutoroka. "Haya, tupe habari. Mingapi?"

"Mjomba Odell, ningeingia wiki ya kumi na mbili. Kocha mwenyewe aliniambia."

"Sijauliza ungeingia lini. Nimeuliza mingapi."

"Mazoezini nilimwacha nyuma mlinzi wetu mkubwa mara tatu mfululizo. Muulize mtu yeyote."

"Nitamuuliza nani? Mlinzi mwenyewe hajui jina lako. Inamisha kichwa."

Wanaume kwenye viti vya kungojea walicheka mpaka wakashika matumbo. Tavaris alicheka nao, maana mwenye wembe shingoni hucheka, lakini moyoni iliingia. Mwaka wa tano alianza kuoga akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya goti. Mwaka wa sita aliacha kusema ningeingia. Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo kiasi cha kumtia haya: mpira mmoja. Siyo ushindi, siyo jina redioni. Mpira mmoja siku ya Jumapili, uandikwe, Odell apande ngazi, na mama yake apate pa kusimama.

Ulimjia mwaka wa saba, wiki ya mwisho ya msimu, kwenye timu iliyokwisha kupoteza mechi kumi na tatu. Wadakaji wawili walikuwa wamechanika misuli, wa tatu alikuwa anatapika. Jumamosi mchana wakapandisha jina la Tavaris kutoka kikosi cha mazoezi, jezi ya kumi na nne, umri miaka ishirini na tisa. Alimpigia mama yake. Bi Earlene alisikiliza, akaweka simu chini, akaenda kusimama mlangoni kwa Odell, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu siku ya chokaa.

"Kesho utafungua," alisema. "Televisheni yako ni kubwa."

"Bi Earlene, kesho ni Jumapili."

"Najua ni siku gani. Nimeingoja miaka saba."

Karibu mechi nzima Tavaris alikaa benchi. Walikuwa wamefungwa arobaini na moja kwa kumi, nusu ya mashabiki wameshakwenda kutafuta magari yao, zimebaki sekunde ishirini, ndipo kocha alipomtazama kama mtu anayekumbuka kitu alichoacha jikoni. "Kumi na nne, ingia."

Hapa panahitaji maneno mawili kuhusu ustaarabu wa wadakaji. Kabla mpira haujachezwa, sheria inataka watu saba wa upande unaoshambulia wawe wamesimama sawasawa kwenye mstari. Mdakaji aliye kule pembeni hawezi kujua vizuri kama yuko juu ya mstari au yuko nyuma yake kwa hatua, kwa hiyo humnyoshea mkono refa wa pembeni, maana yake, niko sawa? Refa huitikia kwa kichwa, au humwonyesha asogee. Huulizi kwa mdomo, wala hulipi kitu. Mabingwa wakubwa wa dunia huuliza kila mara. Lakini Jumatano hakuna refa. Miaka saba Tavaris alikuwa akisimama mahali bila kumuuliza mtu, na chipukizi waliokuwa wakinyosha mkono mazoezini kwa mazoea ya chuoni aliwacheka: acheni utoto, mtu mzima anajua alipo. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuvalishwa vizibao vya mabingwa.

Basi akaingia, akasimama pembeni, akaona kamera. Mkono uliopaswa kwenda kwa refa ukaenda kwa kamera. Alimpungia mama yake.

Mpira ukachezwa. Tavaris akatimka. Mlinzi aliyewekwa mbele yake alikuwa mtoto wa juzi, akayumbishwa mara moja kulia, akabaki anatazama mgongo wenye nambari kumi na nne ukienda zake. Mrushaji, ambaye naye alikuwa wa tatu wa timu na hakuwa na cha kupoteza, akaurusha kwa nguvu zote. Ulishuka juu ya bega la Tavaris kama ulivyoshuka mara elfu moja alipokuwa mtu mwingine, na safari hii akaudaka akiwa yeye mwenyewe. Alikimbia mpaka mwisho wa uwanja. Yadi sitini na mbili. Alipiga goti, akaukumbatia mpira, na ukweli ni kwamba alilia. Kule kwa Odell wanaume wazima walikuwa wamesimama juu ya viti vya kunyolea.

Kisha akageuka, akaona kitambaa cha njano, kile marefa hukitupa wakiona kosa, kimelala kwenye majani, mbali kule alikoanzia.

"Mpangilio usio halali," ikatangaza spika. "Upande wa mashambulizi, nambari kumi na nne. Mchezo umefutwa."

Tavaris alirudi mbio yadi zote sitini na mbili, kasi ileile, mpaka kwa refa wa pembeni, mtu wa makamo mwenye masharubu yaliyotunzwa.

"Nilikuwa kwenye mstari."

"Ulikuwa hatua nzima nyuma yake, kijana wangu."

"Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza? Wenzako wote huniuliza. Mkono wako ulikuwa na shughuli nyingine."

Sheria ya mpira huu ina uchungu wake. Kosa likitendeka, timu iliyokosewa ndiyo huchagua: mchezo ufutwe, au ubaki ulivyo. Angekuwa ameudaka vibaya, akaangushwa palepale, wapinzani wangeona hakuna hasara, wangesema uacheni, na jina lake lingeandikwa. Aliudaka vizuri mno. Hakuna mjinga wa kuacha yadi sitini na mbili.

Zikabaki sekunde sita, mchezo mmoja. Safari hii Tavaris alisimama pembeni, akanyosha mkono kwa refa, akauacha umenyoka mpaka refa akaitikia kwa kichwa mara mbili na kuona haya kwa niaba yake. Mrushaji alizingirwa haraka, akautupa mpira popote, na popote palikuwa kwa Tavaris, ubavuni, nyuma ya mstari. Aliuona unakuja. Aliwaona pia walinzi wawili wanakuja, kila mmoja na uzito wa friji. Mdakaji mwenye akili huuacha mpira wa namna hiyo uanguke. Ukianguka hakuna aliyepata wala aliyekosa, mechi inakwisha, watu wanakwenda kuoga.

Aliudaka. Wakamshusha papo hapo, yadi nne nyuma ya pale mchezo ulipoanzia.

Alipofungua macho aliona njano tena kwenye majani. Mmoja wa wale wasukumanaji wa timu yake alikuwa amemshika mtu jezi, nalo ni kosa. Tavaris alibaki chini, hakuhema, akamtazama refa mkuu akienda kumuuliza kocha wa wapinzani: tufute, au tuache? Kocha yule alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kupeana mikono. Hata hakugeuka. Alipunga kiganja nyuma ya mgongo, kama mtu anayefukuza nzi, na kwa kiganja hicho Tavaris Pettaway akaingia kwenye kumbukumbu za ligi.

Jumanne walimwacha kwa simu. Hapakuwa na haja ya kuleta tableti.

Masika, kamati ya ukuta ilikutana kwa kinyozi. Walikuwepo Odell, Shemasi Tolliver wa kanisa la Mlima Hebroni, Bi Earlene ambaye hakualikwa, na Tavaris aliyeitwa. Odell alisoma kutoka kwenye simu yake, na kwa mara ya kwanza alisoma bila mbwembwe.

"Pettaway, T. Amedaka mmoja. Yadi, hasi nne." Akaiweka simu mezani. "Kanuni ni kanuni. Jina linapanda. Ila hizo yadi, jamani. Ukuta huu una mtu wa yadi elfu sita. Wale wa shule ya Dunmore wakija kucheza hapa Ijumaa watatufanya kichekesho. Kabla hajacheza alikuwa na sifuri. Amecheza, akashuka."

"Tuandike sitini na mbili," alisema Shemasi Tolliver. "Sote tuliziona. Mungu pia aliziona."

"Tuandike jina tupu," alisema Odell. "Nafasi ya chini tuiache nyeupe. Watu watadhani rangi imefutika."

Bi Earlene alikuwa akimtazama mwanawe, na ilikuwa wazi kwamba sitini na mbili zilimwingia mwanawe moyoni. Tavaris alizisikia zinavyolia. Alikuwa amezikimbia kweli, kwa miguu yake, na hakuna mtu pale chumbani ambaye angempinga maisha yake yote. Goti lilimuuma. Alilikunja, akalikunjua.

"Zile zilifutwa," alisema Tavaris. "Zangu ni nne. Andikeni hasi nne."

"Tav, nisikilize," alisema Odell, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililowashangaza wote. "Kile kistari cha mbele kitaonekana tangu barabarani. Watu watacheka."

"Wamecheka miaka saba, Mjomba, na kila mwaka wewe ndiye uliyewafungulia mlango. Kipige kirefu. Wasome wenyewe, wasije kukuuliza."